Maumivu ya Kisigino: Nilianza na Sindano, Nikapona kwa Mazoezi

Kuanzia Novemba 2022 hadi Juni 2023 sikushuka kitandani bila kwanza kutafuta ukuta wa kushika. Hatua ya kwanza ya alfajiri ilinichoma chini ya kisigino cha kulia kana kwamba nimekanyaga msumari, ya pili ilichoma vilevile, na nilipofika uani kutawadha maumivu yalikuwa yameanza kulegea. Baada ya robo saa ya kutembeatembea ningeweza hata kudhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Nikikaa nusu saa kunywa chai kisha nikainuka, yalirudi, na jioni, baada ya kutwa nzima ya kusimama, yalikuwa yameenea wayo mzima na hayasikii kukandwa wala mafuta.

Ninaandika haya kwa sababu tangu nipone nimekutana na watu wengi wa huku kwetu kusini mwa Tanzania wanaoumwa kitu kile kile: fundi cherehani wa Newala, muuguzi wa Lindi anayesimama zamu nzima ya usiku, mama anayeuza samaki Mikindani. Karibu wote wamepita njia niliyopita mimi, yaani dawa za kutuliza maumivu, eksirei, hofu, sindano, nafuu ya wiki chache, kisha kukata tamaa. Mimi si daktari. Lakini nimeumwa, nimetibiwa vibaya na kisha nimetibiwa vizuri, na katika kipindi hicho nimesoma kila nilichoweza kukisoma kuhusu ugonjwa huu. Ninaamini kwamba wengi wetu tunazipanga tiba zake kinyume: tunaanza na zile zenye gharama na hatari, na zile zisizo na gharama hatuambiwi kabisa, au tunaambiwa kwa maneno mawili mlangoni, tukiwa tunatoka.

Kazi yangu ni ukarani wa chama cha msingi cha wakulima katika wilaya ya Tandahimba. Msimu wa korosho unapofunguka mwezi wa Oktoba, kazi hiyo haina kiti. Mkulima analeta magunia yake, tunafungua, tunatazama ubora na unyevu, tunapima, ninaandika, na gunia linalofuata limeshafika mizanini. Ghala lina sakafu ya saruji ngumu, na mwaka ule nilikuwa nikivaa ndala nyembamba zilizokwisha kulika upande wa kisigino. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, nilikuwa nimenenepa kwa miaka mitatu mfululizo, na kwa miezi ya kiangazi iliyotangulia nilikuwa nimeketi mezani na vitabu vya hesabu. Kutoka kuketi nikaingia moja kwa moja katika kusimama saa kumi na mbili kwa siku. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mabadiliko ya ghafla ya namna hiyo, pamoja na uzito wa mwili na saruji, ndiyo mazingira yanayoupenda sana ugonjwa huu.

Ugonjwa wenyewe kitaalamu huitwa plantafashaitisi. Chini ya wayo kuna utando mnene na mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino, upande wa ndani, na kutawanyika hadi kwenye shina za vidole vyote vitano. Anayejua uta ataelewa mara moja: mifupa ya wayo imepinda kama uta, na utando huo ndio upote wake. Unapotaka kupiga hatua na vidole vikakunjika juu, utando hukazwa, nao hukaza uta mzima ili mguu uwe mgumu wa kusukumia mwili mbele. Hicks, mtafiti wa Uingereza, aliueleza utaratibu huu mwaka 1954, na bado ndio unaotumika kufafanua namna wayo unavyofanya kazi. Mahali upote unaposhikana na mfupa wa kisigino ndipo panapobeba mvuto mkubwa, na ndipo panapouma. Usiku tukiwa tumelala, mguu huelekea chini na utando hubaki umelegea na kujikunja. Hatua ya kwanza ya asubuhi huunyoosha kwa mara moja, ukiwa bado umefupika, na uzito wote wa mwili ukiwa juu yake.

Inakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila kumi hupata maumivu haya wakati fulani wa maisha yake, na wengi huyapata kati ya miaka arobaini na sitini. Kwa hiyo si ugonjwa wa ajabu. Ninalisema hili kwa makusudi, kwa sababu mjomba wangu, ambaye kwa desturi zetu ndiye mwenye neno kubwa juu ya afya na mambo ya wapwa zake, alipoona ninachechemea wiki ya tatu alinishika mkono na kuniambia kwa huruma ya kweli, “Mwanangu, wewe umekanyaga dawa. Mtu ghalani hakufurahia cheo chako.” Nilimheshimu, sikubishana naye, na pia sikwenda alikotaka niende. Lakini kwa usiku kadhaa nililala nikiwafikiria wafanyakazi wenzangu mmoja mmoja, na hilo lilikuwa dhara kubwa kuliko maumivu.

Tiba yangu ya kwanza ilikuwa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, niliyoinunua duka la dawa bila cheti, vidonge viwili kwa siku, kwa wiki saba. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, zinaweza kupunguza maumivu kwa siku chache, na sina ugomvi na mtu anayezitumia kwa siku chache chini ya uangalizi. Kosa lilikuwa zile wiki saba. Tumbo lilianza kuniwaka, nikawa siwezi kula pilipili wala maembe mabichi, na hapo ndipo muuza dawa aliponiuliza kwa mara ya kwanza nina muda gani nikizimeza. Zinachubua tumbo, zinaweza kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo, na mtu wa umri wangu hapaswi kuzigeuza chakula. Isitoshe, kuna jambo ambalo lingenizuia kama ningelijua mapema. Mwaka 2003 Harvey Lemont na wenzake nchini Marekani walichunguza kwa hadubini vipande vya utando kutoka katika upasuaji wa visigino hamsini, na hawakuona uvimbe wa joto ambao jina la ugonjwa linaudai kwa mwisho wake, “-itisi”. Waliona nyuzi zilizochakaa, zilizokatikakatika na kupoteza mpangilio. Dawa ya kuzima uvimbe inaweza kuzima maumivu kwa muda, lakini nyuzi zilizochakaa haizishoni.

Januari 2023 nilipigwa eksirei katika kituo kimoja mjini, ambacho sitakitaja. Picha ilionesha kipande cha mfupa kilichochomoza chini ya kisigino, kimeelekea mbele kama mwiba wa kambare. Niliambiwa mfupa umeota, unanichoma nyama kila ninapokanyaga, na kwamba usipokatwa nitakuja kushindwa kutembea. Nilirudi nyumbani na picha ile katika bahasha ya kaki, nikaiweka juu ya kabati, na kila jioni nilikuwa nikiishusha na kuitazama kwenye mwanga wa taa.

Kama kuna aya moja katika maandishi haya ambayo ningependa isomwe kwa sauti katika kila chumba cha kusubiria, ni hii. Mfupa ule si sababu ya maumivu. Watu wengi wasioumwa chochote wakipigwa picha hukutwa wanao, na watu wengi wanaoumwa kama nilivyoumwa mimi hawana. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba utando ukivuta mfupa kwa miaka mingi, mfupa hujibu kwa kuota kidogo pale unapovutwa, na hiyo ni alama ya kazi iliyofanyika, kama sugu ya kiganja cha mwenye jembe. Nimepona, na mfupa wangu ungalipo pale pale. Eksirei ina kazi yake, hasa kuhakikisha kwamba mfupa haukupata ufa, lakini ugonjwa wenyewe hutambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa na kumbonyeza. Panapohitajika uhakika zaidi, altrasaundi huweza kupima unene wa utando. Ukizidi milimita 4 huhesabiwa kuwa mnene kupita kawaida.

Sindano ya stiroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe, nilichomwa mwezi wa Machi. Sitasahau uchungu wake, kwa sababu ngozi ya kisigino ni nene na mahali penyewe pana mishipa mingi ya fahamu. Siku tatu baadaye, hata hivyo, niliamka, nikakanyaga chini, na hakuna kilichouma. Nililia kwa furaha mbele ya binti yangu. Wiki hiyo hiyo nilirudi shambani kupalilia, nikabeba kuni, nikatembea kwa miguu kwenda mazishini kijiji cha pili. Nafuu ilidumu wiki tano, kisha maumivu yakarudi yote pamoja na nyongeza.

Kilichonipata si bahati mbaya yangu peke yangu. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, shirika la kimataifa linalopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio mengi ya sindano hiyo, yalihitimisha kwamba inaweza kupunguza maumivu kidogo kwa muda usiozidi mwezi mmoja, na baada ya hapo tofauti haionekani. Mwezi mmoja unaweza kuwa na thamani kwa mtu ambaye maumivu yanamzuia hata kuanza mazoezi, na kwa nia hiyo sindano moja, ikichomwa na mtu mwenye ujuzi, ina nafasi yake. Mimi sikuambiwa kwamba nimenunua mwezi mmoja. Niliambiwa nimepona, nami nikautumia mwezi huo kuuchakaza utando uliokuwa umelala ganzi. Sindano zikirudiwa zina hatari zaidi: utando wenyewe unaweza kukatika, na ule mto wa mafuta ulio chini ya kisigino, ambao Mungu ameuweka ili mfupa usigonge ardhi, unaweza kusinyaa, nao ukisinyaa haurudishiki kwa urahisi. Kwa mwenye kisukari sindano hiyo hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Niliporudi kulalamika nilipewa tarehe ya sindano ya pili. Sikuitikia.

Aliyenielekeza kwenye fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, ni shemeji yangu muuguzi, na safari ya kwanza niliifanya katikati ya Mei. Kutoka Tandahimba hadi Mtwara mjini unapita Mnivata na Naliendele, na wakati ule sehemu ya barabara ilikuwa bado ya vumbi. Basi liliposimama stendi nilibaki kitini hadi abiria wote washuke, kwa sababu nilijua hatua ya kwanza baada ya safari ndefu itakavyokuwa, na sikutaka kumwangukia mtu. Kondakta alinipa mkono bila kuuliza. Nilishuka kwa kisigino cha kushoto na ncha ya vidole vya kulia, kama mtoto anayeruka kamba.

Mtaalamu wa mazoezi niliyemkuta hospitali alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake: alikaa chini kwenye kigoda, akaupakata mguu wangu, na akautazama kwa dakika ishirini. Alivikunja vidole vyangu kuelekea juu kwa mkono mmoja, na kwa dole gumba la mkono wa pili akabonyeza upande wa ndani wa kisigino, mbele kidogo, nikaruka. Kisha alikibana kisigino kutoka pembeni kwa viganja viwili, kama mtu anayejaribu dafu, na akaniuliza kama inauma. Haikuuma, akasema vizuri, kwani mfupa wenye ufa hulalamika ukibanwa hivyo. Alinigonga nyuma ya kifundo cha ndani akiuliza kama nasikia shoti ya umeme vidoleni. Aliniuliza kama mgongo unakakamaa asubuhi, kama visigino vyote viwili vinauma, kama nimewahi kupimwa sukari. Mwisho alinisimamisha mbele ya ukuta, akaniambia nisukume goti liguse ukuta bila kuinua kisigino. Mguu wa kushoto uliweza ukiwa umbali wa kiganja. Wa kulia uliweza kwa vidole viwili tu. Misuli ya shavu la mguu ilikuwa imefupika, na misuli hiyo ikifupika, kifundo hakikunjiki vya kutosha, kwa hiyo utando wa wayo hulipa deni lisilo lake.

Nikamwambia kwamba daktari wa kwanza alinishauri nipumzike. Akajibu kwa adabu, “Mama, ukikipumzisha tu kitazidi kuwa dhaifu. Tutakipa kazi, lakini kwa kipimo.”

Zoezi la kwanza hufanywa kabla mguu haujagusa sakafu. Nikiwa bado nimeketi ukingoni mwa kitanda, ninauweka mguu wa kulia juu ya goti la kushoto, ninashika vidole vyote kwa mkono wa kulia na kuvivuta kuelekea muundi mpaka nione utando umejitokeza chini ya wayo. Unaonekana, na unashikika: ukiupitishia dole gumba la mkono wa pili unausikia mgumu, umekazwa kama ukambaa wa kufungia mzigo. Ninahesabu hadi kumi, ninaachia, ninarudia mara kumi. Mara tatu kwa siku, na ile ya muhimu kuliko zote ni ya kabla ya hatua ya kwanza. Zoezi hili lilijaribiwa huko New York kwa watu 101 waliokuwa wameumwa kwa miezi mingi, wakalinganishwa wale waliovuta vidole hivi na wale walionyoosha kano ya nyuma ya kisigino peke yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionesha kwamba baada ya wiki nane wa kundi la kwanza walikuwa na maumivu machache zaidi asubuhi. Kwa kuwa mimi huamka kwa adhana ya Alfajiri, nilizoea kulifanya muadhini akiwa anaadhini. Hata katika tahiyatu, mguu wa kulia unaposimamishwa kwa ncha za vidole, nilianza kuhisi mvuto ule ule, na badala ya kuukwepa kwa kuketi upande nikawa ninauacha ufanye kazi yake taratibu.

Zoezi la pili ni zito, na ndilo ninaloamini lililoniponya. Niliviringisha khanga kuukuu ikawa kama mto mnene, nikaiweka kwenye ukingo wa ngazi ya baraza, nikasimama juu yake kwa mguu mmoja ili vidole vipande juu ya khanga hiyo na kisigino kining'inie nje. Kutoka hapo ninainuka kwa kuhesabu hadi tatu, ninabaki juu kwa hesabu ya mbili, ninashuka kwa hesabu ya tatu. Siku moja ninafanya, siku inayofuata ninapumzika, kwa sababu nyuzi hizi hujijenga polepole na zinahitaji muda kati ya kazi na kazi. Wiki mbili za kwanza seti tatu za kumi na mbili. Kisha uzito unaongezwa na idadi inapunguzwa, kumi kwa seti nne. Kisha nane kwa seti tano. Uzito wangu ulikuwa begi la shule la mwanangu, ndani yake mifuko ya mchanga, mgongoni kama mwanafunzi. Siku za kwanza sikuweza kuinuka kwa mguu mmoja, nikatumia miwili na kushika nguzo ya baraza. Utaratibu huu unatoka Denmark, kwa Rathleff na wenzake, ambao mwaka 2015 walichapisha matokeo ya wagonjwa 48: baada ya miezi mitatu waliofanya zoezi zito walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliofanya zoezi la kuvuta peke yake. Baada ya mwaka makundi hayo mawili yalikuwa yamelingana, na hilo linafaa lisemwe pia kwa uaminifu. Lakini kwa mtu ambaye msimu wa korosho unamsubiri Oktoba, kupona miezi kadhaa mapema si jambo dogo.

Wakati wa zoezi kisigino kiliuma. Hili liliniogopesha hadi nilipoelezwa kipimo chake: maumivu yanayovumilika wakati wa zoezi yanaruhusiwa, mradi kesho yake asubuhi hatua ya kwanza isiwe mbaya kuliko ya leo. Ikiwa mbaya, unapunguza mchanga, huachi zoezi.

Kuhusu viatu kulikuwa na mtihani wa kipekee kwetu sisi, ambao kiatu hukiacha mlangoni. Sakafu yangu ni ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na kwa desturi nilikuwa natembea juu yake peku kutoka chumbani hadi jikoni, mara mia kwa siku. Nilinunua ndala nene za raba zenye kisigino kilichoinuka kidogo, nikaziweka kando ya kitanda, na zikawa hazitoki nje kamwe, ili nyumba isinajisike. Wageni wachache walizitazama kwa mshangao; niliwaeleza, wakaelewa. Kwa kazini nilipata raba za kufunga kamba. Soli za ndani za kukinga kisigino zinasaidia wengine kwa muda, na anayetaka kuzijaribu anunue za kawaida za dukani. Jaribio lililofanyika Sydney, Australia, na kuchapishwa mwaka 2006 lililinganisha soli zilizotengenezwa kwa kumpima mtu mguu, soli za dukani, na soli bandia zisizo na nguvu yoyote. Baada ya mwaka mzima hapakuwa na tofauti ya maana. Ninalisema hili kwa sababu nimeonana na mtu aliyeuza mbuzi ili atengenezewe soli Dar es Salaam.

Plasta ya kunata, ikifungwa na mtu anayejua kuzunguka wayo na kisigino, ilinipa nafuu ya siku mbili tatu na niliitumia siku za safari. Chupa ya maji iliyogandishwa, kuiviringisha chini ya wayo jioni, inatuliza. Sikuona zaidi ya hapo. Kupunguza uzito wa mwili nako ni tiba, na mimi nilipunguza kilo sita kwa kuacha chai ya sukari nyingi na maandazi ya saa nne. Jambo hili halihitaji maelezo marefu, linahitaji subira tu.

Zipo tiba ambazo sikuzifikia, na ni haki zijulikane. Kuna kifaa cha kuvaa usiku kinachoushika mguu ukiwa umekunjwa ili utando usijikunje. Wengine kinawasaidia, wengi hukivua saa nane za usiku kwa kukosa usingizi. Kuna tiba ya mawimbi ya mshtuko, ambayo mashine hupiga kisigino kwa mawimbi ya sauti yenye nguvu ili kuamsha ukarabati wa nyuzi. Hutumika kwa maumivu yaliyozidi miezi sita na kukataa mazoezi, na ina ushahidi wa kuwafaa baadhi yao. Na kuna upasuaji, ambapo sehemu ya utando hukatwa ili ulegee. Upasuaji huo haupaswi kufikiriwa kabla ya miezi sita hadi kumi na miwili ya tiba nyingine zilizofanywa kwa bidii, kwa sababu ukikata upote, uta hunyooka: wayo unaweza kushuka na maumivu mapya yakazuka upande wa nje wa mguu. Nilipokumbuka kwamba mimi nilitajiwa kukatwa katika mwezi wa tatu wa ugonjwa, kabla ya kuoneshwa zoezi hata moja, nilisikia hasira ambayo bado haijaniisha. Wagonjwa wanane au tisa kati ya kumi hupata nafuu bila kisu ndani ya mwaka mmoja.

Wiki sita baada ya kuanza, asubuhi moja mwishoni mwa Juni, nilifika uani kutawadha ndipo nikatambua kwamba sikushika ukuta. Maumivu ya jioni yalichelewa zaidi kuondoka, na siku mbili katika Julai yalirudi kwa nguvu baada ya harusi niliyoisimamia kwa viatu vibaya. Agosti yaliisha. Msimu ulipofunguka Oktoba 2023 niliwaomba viongozi wa chama mambo mawili: stuli ndefu kando ya mizani, ili niandike nikiwa nimeegemea, na magunia matupu yaliyokunjwa mara nne chini ya miguu ya kila anayesimama pale. Yote mawili walikubali siku hiyo hiyo, na wapagazi ndio walioyapenda zaidi magunia yale.

Mwaka jana mjomba alikuja kwangu mwenyewe, akasema safari hii ni miguu yake. Nikamketisha barazani nikaupakata mguu wake kama nilivyopakatwa mimi. Nikambonyeza pale pa ndani, mbele ya kisigino; hakuruka. Nikavuta vidole, hakusikia mvuto wowote. Nilipomuuliza hatua ya kwanza ya asubuhi ikoje, alisema asubuhi ndiyo nafuu yake, kinachomtesa ni usiku, nyayo zote mbili zinawaka kama amekanyaga makaa, na mara nyingine ndala inamtoka njiani asijue hadi atazame chini. Hapo nikaacha kumgusa. Sikumfundisha zoezi, sikumpa khanga. Kesho yake nilipanda naye gari hadi hospitali, wakamtoboa kidole, na sukari yake ilikuwa juu sana. Sasa anameza dawa, anakwenda kliniki kila mwezi, na kila jioni kabla ya kulala mjukuu wake anazitazama nyayo zake kwa tochi ya simu, katikati ya vidole na pande zote za kisigino, kuona kama pana jeraha ambalo yeye mwenyewe hakulisikia.